Pengo katika Jiwe la Liwa

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Nassor alinipigia simu kuniarifu kwamba shangazi yake, Bi Zuwena, ametangulia mbele ya haki, na kwamba ameacha wasia wa mdomo unaonihusu: lile jiwe nipewe mimi, nilifikishe panapolistahiki. Aliniletea mwenyewe kesho yake, limefungwa kanga mbili, akalipakata ngazi nzima kama anayepakata mtoto aliyelala. Sasa limelala juu ya meza yangu, uso ukitazama dari. Nimeshawaandikia watu wa mambo ya kale, nao wamejibu kwamba watakuja wiki ijayo. Barua yangu kwao ilikuwa na maelezo ya vipimo, ya aina ya mawe, ya makadirio ya zama, na sentensi moja kuhusu sehemu iliyovunjika. Niliiandika sentensi hiyo mara nyingi kuliko barua nzima, na kila nilipoiandika nilirudi katika ule mwaka mmoja nilioishi katika nyumba ya Bi Zuwena, Kiponda, nikiwa na miaka ishirini na saba, nimerudi kutoka Kairo bila shahada niliyoiendea.

Nieleze kwanza kilichonirudisha, kwa kuwa bila hicho hayo mengine hayaeleweki. Nilikuwa nikisomea maandishi ya Wamisri wa kale, na kazi yangu ya uzamili ilihusu jiwe moja la kaburi lililokuwa limemeguka katikati. Mstari wa nne ulikuwa na pengo la alama saba. Mawe ya aina ile husema mambo yanayofanana, na mimi nilikuwa nimeyasoma mengi. Kwa hiyo nilijaza pengo lile kwa maneno yaliyozoeleka, na katika kunakili na kunakili tena, zile alama za mabano zinazomwonya msomaji kwamba hapa mwandishi anakisia, nikazisahau. Siku ya mtihani, mtahini mmoja, mzee mpole aliyevaa sweta ijapokuwa kulikuwa na joto, alitoa bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya zamani ya jiwe lile kabla halijameguka. Alama saba zilikuwepo zote. Hakuna hata moja niliyoipatia. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia: "Haya uliyaona wapi?" Nilirudishiwa kazi nikaiandike upya, na nikapanda ndege kuja nyumbani, ambako kila mtu alisema nimekuja kupumzika.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepoteza imani na macho yangu. Nilikuwa nikisoma jina la duka mara tatu kabla ya kuingia. Nilimrudia muuza dawa kumwuliza kama vidonge ni viwili kutwa mara tatu au vitatu kutwa mara mbili, ilhali nilikuwa nimeshaliona jibu kwenye pakiti. Chumba nilichopanga kilikuwa ghorofa ya pili. Dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba saa nne ya asubuhi tu jua liliweza kupenya, tena kwa upande, kama mtu anayejipitisha kwenye kichochoro. Nilishinda humo na madaftari yaliyofungwa. Lakini sakafu ya nyumba zile za boriti haizuii sauti, na chini yangu palikuwa na sebule ya Bi Zuwena. Hivyo mwaka ule nilijifunza kusikiliza kabla ya kujifunza tena kusoma. Nilisikia kinu, nilisikia birika, nilisikia Nassor akifika saa saba mchana kutoka hotelini Mbweni, ambako alikuwa dereva wa kuwapeleka wageni, akiuliza kumepikwa nini kabla hajavua viatu. Bi Zuwena alikuwa amekaribia sabini. Kwa miaka arubaini alikuwa somo, yaani mwanamke anayewafunda maharusi, kuwasinga kwa singo, manukato ya kusugulia mwili, na kuwapaka liwa ya msandali, na hakukuwa na mtaa wa Mji Mkongwe usiokuwa na mwari wake, wengine wakiwa sasa bibi wenye wajukuu.

Mwaka huo alikuwa ameandikiwa kwenda Hija. Kwetu anayekwenda Hija huwazungukia watu kuwaomba radhi, na wengi huifanya kazi hiyo kwa salamu za jumla: kama nimekukosea, nisamehe. Bi Zuwena hakuridhika na hivyo. Mchana mmoja nilimsikia akimwandikisha Nassor majina.

"Andika Bi Mwaka wa Makunduchi. Huyo wa mwanzo."

"Nshaandika."

"Andika yule muuza samaki wa Malindi."

"Yule uliyemwambia changu wake kafa kwa uzee? Yule mwenyewe kafa, shangazi."

"Basi andika mwanawe."

"Na mimi niandike. Ulinitandika bakora mwaka ule bila kosa."

"Kosa lilikuwepo," alisema Bi Zuwena, "ila nlikuwa sijalijua bado."

Nilicheka peke yangu juu ya kitanda, na kicheko kile kilinishitua, maana nilikuwa nimekisahau. Pengine naye alikisikia, kwa kuwa kesho yake aliniita nishuke, akasema anakwenda Makunduchi na anataka mtu wa kumshika mkono. Tulikwenda kwa gari la Nassor. Bi Mwaka, aliyekuwa zamani msaidizi wake katika kazi ya maharusi, alikuwa ameketi barazani akimenya muhogo kwa kupapasa, nuru ikiwa imemtoka machoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akigeuza sikio kunipima. Bi Zuwena aliketi mbele yake mkekani, akanyoosha mgongo, akamwita jina lake kamili.

"Mwaka binti Haji."

"Naam."

"Nlisema mbele za watu kuwa singo yako imemtoa vipele mwari wa Shangani. Sikuwa na hakika. Niwie radhi."

Kisu kilisimama. Bi Mwaka alikiweka juu ya maganda. "Vipele vilikuwa vya kweli," alisema hatimaye. "Lakini ilikuwa liwa yako."

Sijui nani alianza kucheka. Najua kwamba tulikula muhogo wa nazi na pweza, kwamba wazee wale wawili walilishana mkono kwa mkono kama maharusi wenyewe, na kwamba njiani kurudi nilimwuliza Bi Zuwena kwa nini anawaita watu majina kamili. "Radhi haiombwi gizani," alijibu. "Haki ya Mungu, Mungu husamehe. Haki ya mja, mpaka mja mwenyewe. Sasa utasamehewa vipi na mtu usiyemjua jina?" Kisha akageukia dirisha la gari. "Nimebakiwa na mmoja tu," alisema, "na huyo wewe uliyetoka Kairo ndiye wa kunijuza jina lake."

Kesho yake aliniingiza chumbani mwake, chumba chenye harufu ya karafuu na nguo zilizofukizwa udi, akavuta kutoka chini ya kitanda jiwe lenye ukubwa wa sinia dogo. Nililitambua kuwa jiwe la liwa kabla ya kulitambua kuwa kitu kingine: upande wa juu ulikuwa na bonde laini, lililochimbwa na vijiti vya msandali vilivyosuguliwa kwa maji mwaka hadi mwaka. Alikuwa amelirithi kwa somo wake, naye kwa somo wake, na nani alilileta Unguja hakuna aliyejua. "Lina sanamu upande wa pili," alisema. "Ndiyo maana tukililaza kifudifudi. Hatukupenda kusagia liwa ya mwari huku sanamu zikitutazama." Akaligeuza kwa mikono miwili. Huko chini, kwa sababu ya haya za wanawake wale waliopokezana, uso ulikuwa umehifadhika kama ulivyochongwa: mwanamke ameketi mbele ya meza iliyopangwa mikate, ua la yungiyungi likiwa puani pake, na juu yake mistari mitatu ya maandishi. Ufa mmoja ulishuka kutoka ukingoni hadi mstari wa tatu. Ulikuwa umefuata mahali ambapo jiwe lilipungua unene, nyuma yake kabisa likiwa lile bonde la liwa.

"Nnataka kujua jambo moja," alisema Bi Zuwena. "Hili ni jiwe la kaburi?"

Nilitamani kumwambia kwamba sina hakika, kwamba huenda ni pambo, kwamba yafaa kwanza kushauriana. Lakini alikuwa amepiga magoti sakafuni, na mkono wake ulikuwa umelala kando ya jiwe kama unaolala kando ya mgonjwa. "Ni la kaburi, la Wamisri wa kale," nilisema.

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Miaka arubaini," alisema, "nimesagia liwa ya watu mgongoni mwa maiti." Nassor, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya wali, alijaribu kumfariji. "Shangazi, huyo mtu wa zama za Firauni. Kafiri. Radhi gani utamwomba?" Bi Zuwena hakugeuka. "Firauni atajibia yake. Mimi nitaulizwa liwa." Akanitazama mimi. "Nambie jina lake, mwanangu. Nna siku kumi na mbili."

Basi nikaanza kusoma. Kila siku saa nne, jua lilipoingia chumbani kwangu kwa upande, tuliliweka jiwe juu ya godoro nami nikanakili. Kwa mara ya kwanza tangu Kairo nilishika penseli. Bi Zuwena aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu akipepeta mchele, na alitaka kuelezwa kila kitu, kwa kuwa, alisema, hataki kuomba radhi kama kasuku. Nilimweleza kwamba jambo la kwanza ni kutafuta nyuso. Ndege, watu na wanyama waliochongwa katika mistari ile hutazama mwanzo wa mstari, hivyo msomaji daima huwaendea wakikutana naye uso kwa uso. "Wana adabu," alisema. "Hawampi mtu mgongo." Nilimwonyesha alama za mwanzo, ambazo maana yake ni sadaka aitoayo mfalme, na neno sadaka lilimfanya aache kupepeta. Nilimwonyesha yungiyungi lenye shina, lisilokuwa ua tena likiingia katika mstari bali idadi: elfu. Elfu ya mikate, elfu ya ng'ombe, elfu ya ndege, elfu ya nguo za kitani, elfu ya bia.

"Ya nini?"

"Bia, Bi Zuwena."

Alitafakari. "Basi hiyo tutairuka. Mikate itatosha."

Mstari wa pili ulikuwa mrefu na mzima, na ndio uliotuweka karibu. Katika mstari ule mwanamke yule aliwaambia walio hai, wapitao mbele ya kaburi lake, kwamba kama hawana cha kutoa mkononi, basi wayatamke tu maneno yale, kwa kuwa pumzi ya kinywa haimchoshi anayeitoa na humfaa asiyeweza tena kupumua. Nilisoma polepole, nikirudi nyuma, nikiwa na hofu katika kila alama, na nilipomaliza Bi Zuwena alikuwa ameacha ungo. "Alikuwa anaomba dua," alisema. "Sisi tumemlaza kifudifudi asiweze hata kuomba." Alhamisi ile alimtuma Nassor kununua mikate ya ufuta, akaigawa msikitini na kwa majirani, bila ya kusema ni ya nani. Nassor alipomwuliza kama sadaka hiyo itamfikia mwenyewe, alijibu kwamba kufikisha si kazi yake.

Nafika sasa mahali ambapo kalamu yangu huwa nzito. Jina lilikuwa katika mstari wa tatu, na ufa ulikuwa umepita juu yake. Sehemu moja ilikuwa salama: bata na kipande cha mkate, alama mbili ambazo pamoja husomeka "binti". Wanawake wengi wa zama zile waliitwa hivyo, binti wa mungu fulani, na jina la mungu huyo lilikuwa kando ya bata, katika nafasi ya alama mbili, ambako jiwe lilikuwa limebanduka. Katika ukingo wa pengo niliona pembe ya mraba. Nilijua mraba ule. Hathori, mungu wao wa kike, huandikwa kwa mwewe aliyefungiwa ndani ya mraba, na wanawake wengi mno waliitwa kwa jina lake. Nilijua pia kwamba pembe moja si mraba. Nilijua hayo yote kwa pamoja, na Bi Zuwena alikuwa amebakiwa na siku nne, na uso wake ulikuwa umeinuliwa kwangu kwa imani ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniwekea kwa muda mrefu. "Nani?" aliuliza. "Binti nani?"

"Hathori," nilisema.

Alilirudia mara mbili ili lisimtoke. Alidhani ni jina la baba, kama sisi tunavyoitwa, nami sikumsahihisha. Alitandika mswala wake kando ya jiwe, akaketi, akanyoosha mgongo kama alivyofanya Makunduchi, akaita: "Binti Hathori." Akataja kosa lake, miaka yake arubaini na ya waliomtangulia, akaomba radhi. Nilisimama mlangoni nikiwa na penseli mkononi. Alipoinuka alionekana mwepesi; alipika boko boko, alimtania Nassor, na mchana ule nilimsikia chini yangu akiimba nyimbo za kufunda wari, ambazo alikuwa amesema ameziacha.

Siku mbili kabla ya safari tulikuwa chumbani mwake tukilifunga jiwe ili lisije likavunjika zaidi wakati yeye hayupo. Aliniomba kwanza nimtolee njiani kioo chake cha maharusi, kioo kirefu chenye fremu ya mbao. Nilipokiinua, jua la saa nne lilikipiga, likaruka, likatua juu ya jiwe kwa mshazari mkali kuliko nilivyowahi kuupata dirishani. Katika mwanga ule kila pigo la patasi lilikuwa na kivuli chake. Pembe ya mraba haikuwa na kivuli cha aina ile. Ilikuwa nyeupe, changa, nyembamba kama ukucha: mkwaruzo wa kitu kilichoangukia jiwe mwaka wowote ule, pengine ncha ya sinia. Kando ya bata hapakuwa na Hathori. Hapakuwa na mtu.

Nilirudisha kioo mahali pake na nikapanda chumbani kwangu, na kutwa nzima nilizipanga hoja kama wakili wa pande mbili. Akijua, atasafiri na mzigo aliokwisha kuutua. Asipojua, atasafiri akidhani ameutua. Pengine radhi ni nia. Pengine jina la kukisia laweza kuwa ndilo, maana wenye jina lile walikuwa wengi. Kila hoja ilikuwa nzuri, na kila moja iliishia kwa mzee mwenye sweta akiniuliza kwa upole haya niliyaona wapi. Nilichogundua siku ile, na ambacho nimekifundisha tangu hapo kwa wanafunzi wasiojua nimekipata wapi, ni kwamba sikuwa nimekosea Kairo kwa sababu ya macho. Nilikuwa nikiona pengo vizuri kabisa. Nilichoshindwa ni kusimama mbele ya watu nikiwa nalo.

Asubuhi ya siku ya mwisho nilishuka. Bi Zuwena alikuwa akikunja nguo zake nyeupe za Hija, na begi lilikuwa wazi kitandani. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, kwa mpangilio: mkwaruzo, mraba, pengo, kwamba Hathori si baba bali ni mungu wao, kwamba nilikisia nikasema nimeona, kwamba si mara yangu ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kuacha kukunja.

"Kwa hiyo jina lake hulijui."

"Silijui. Hakuna atakayelijua. Limevunjika."

"Na pale palipovunjika palikuwa na jina la mungu wao."

"Nadhani hivyo. Sina hakika."

Aliketi kitandani. Nilimwona akitazama mikono yake, na nikaogopa kwamba nimemharibia safari. "Pengine Mungu kalificha kwa hisani," alisema, "nisije nikalitamka na mimi nnakwenda kwake." Kisha akacheka kidogo, kwa pumzi tu. "Mimi nlimwomba radhi kwa jina nililopewa. Kosa la jina si langu tena." Aliinama akalivuta jiwe, akalifungua kanga, akaligeuza uso juu, na akanisogezea mswala kwa mguu. "Keti. Una lako naye. Mwite jina lake, lile unalolijua."

Nilikuwa sijawahi kuomba radhi namna ile, kwa mtu wala kwa jiwe, na akili yangu ilianza mara moja kutafuta sababu za kutofanya: itikadi, busara, Nassor aliyekuwa ngazini akishusha mizigo. Niliketi. Mwanamke wa jiweni alikuwa amegeukia mwanzo wa mstari, ua puani pake.

"Binti," nilisema, kisha nikanyamaza. Nilinyamaza kwa urefu wa alama mbili, pale hasa palipobanduka, na haikuwa rahisi, kwa kuwa majina yote niliyowahi kuyasoma yalikuja mdomoni yakitaka kuingia. Bi Zuwena hakunisaidia kulijaza pengo lile. Alingoja nami, mkono wake ukiwa begani kwangu, mpaka lilipopita lote.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Keshasikia."